Mia Kasoro Tatu

Nchi yenyewe msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Si yetu hii, Mungu apishe mbali. Yetu ina mambo yake na ile ilikuwa na yake, nami nasimulia kama nilivyosimuliwa. Mwenye kujiona humu ndani kajiona mwenyewe, mimi sikumwita.

Basi hiyo nchi ilipenda wastani. Nasema ilipenda! Wizara kubwa kuliko zote haikuwa ya chakula wala ya dawa, ilikuwa Wizara ya Wastani, jengo la ghorofa tisa lenye lifti iliyofika, kwa wastani, ghorofa ya nne na nusu. Mtaa wa Mabalozini maji yalitoka usiku na mchana, mtaa wa Mkwajuni bomba lilikohoa vumbi tu. Wizara ikajumlisha, ikagawa kwa mbili, ikatangaza kwamba kila mtaa una maji nusu siku. Mkazi wa Mkwajuni aliyekwenda kulalamika na ndoo yake tupu aliulizwa kwa upole, "Sasa mwenzetu, unabishana na hesabu?"

Mkuu wa nchi alikuwa na jina refu la kukata pumzi, lakini watu walimwita Baba Mia. Jina hilo lilitokana na Siku ya Kupima Mapenzi. Kila mwaka siku hiyo kila mtu mzima alipewa karatasi iliyochapwa namba kutoka sifuri mpaka mia, na juu yake swali moja: Unampenda Baba kwa kiasi gani? Unaingia kibandani, unachukua msumari uliofungwa kamba, unatoboa namba yako, unatumbukiza karatasi sandukuni. Jina huandiki. Ilikuwa siri kabisa, na ndani ya kibanda alisimama askari kuhakikisha siri hiyo haivuji.

Mwaka nenda, mwaka rudi, matokeo yalikuwa yale yale: wastani mia, mkengeuko sifuri. Yaani hakuna aliyepungua wala aliyezidi. Hata marehemu, ambao kule hawakuwa na haraka ya kufutwa kwenye daftari, walipenda mia.

Sasa, Mkwajuni, nyumba namba arobaini na sita, aliishi mwanamke jina lake Siwema na mumewe Ngwali, fundi baiskeli. Siwema hakuwa mpinzani. Tena alimpenda Baba Mia kwa dhati, mapenzi ya kijinga kama ya mtoto kwa mjomba aliyeahidi pipi. Picha yake aliifuta vumbi kila asubuhi kabla ya kufagia chumba.

Ila alikuwa na mila moja aliyoachiwa na marehemu mama yake. Kwao hakuna kilichojazwa pomoni. Chai iliachiwa upana wa kidole, pishi ya mchele ilipunguzwa konzi, mtoto mzuri alisifiwa halafu akatafutiwa kasoro. "Mwanangu," mama yake alikuwa akisema, "kilichojaa huvuta kijicho. Hicho kidogo unachoacha ndicho kinga. Usimjazie mtu ila adui yako." Ngwali alikuwa akimtania kila jioni akipokea kikombe. "Mke wangu, chai hii unanikopesha?" Naye hujibu, "Kunywa, baba, nakutakia maisha marefu."

Mwaka ule habari zikasema Baba Mia ana mafua. Mafua tu, lakini Siwema alikosa raha. Alikumbuka miaka yote watu wanavyomjazia mapenzi pomoni, mia, mia, mia, nchi nzima, bila hata mmoja kumwachia kinga. Atapona vipi mtu wa namna hiyo? Basi alipoingia kibandani akatoboa tisini na saba. Tatu akamwachia Mungu. Akatoka kifua kimemtulia, kama mtu aliyetoa sadaka.

*

Matokeo yalisomwa redioni mtaa kwa mtaa. Siwema alikuwa akimimina chai.

"Mabalozini, mia. Kisimani, mia. Mkwajuni..."

Mtangazaji akanyamaza. Karatasi zikasikika zikipapaswa. Halafu sauti ikarudi, safari hii nyembamba.

"Mkwajuni, tisini na tisa nukta tisa tisa."

Loo! Mtaa mzima ulinyamaza kiasi cha kusikia maandazi ya jirani yakichemka kwenye mafuta. Mtaa ulikuwa na watu wazima mia tatu, na hata Siwema aliyeishia darasa la nne aliweza kuipiga hesabu hiyo: mia tatu mara mia, toa tatu. Tatu zake. Zimesambazwa kwa watu wote, kila mmoja kabebeshwa chembe, na bado zinaonekana.

Ngwali alitazama redio. Akatazama kikombe chake, ile nafasi ya kidole iliyoachwa juu. Hakutania siku ile. Akanywa, akasema imekolea, akatoka kwenda kuziba pancha.

Kesho yake Mkwajuni wote waliitwa uwanjani. Baba Mia alikuja mwenyewe, mafua yamekwisha, ameketi kwenye kiti kilichopimwa kiwe juu ya wastani wa viti. Pembeni yake alisimama Profesa Mapembe, Mkadiriaji Mkuu wa Taifa, mtu mwembamba mwenye miwani na leso ya kujifutia jasho.

"Wananchi," Profesa alianza, "wastani ni kama fimbo iliyochomekwa katikati ya kundi la ng'ombe. Mkengeuko unatuambia ng'ombe kwa kawaida wanasimama mbali kiasi gani na fimbo. Miaka yote ng'ombe wa nchi hii wamesimama juu ya fimbo."

Watu wakapiga makofi, maana hawakujua kama ni pahala pa kupiga au si pahala, na kutopiga kuliogopesha zaidi.

"Mwaka huu mkengeuko wa Mkwajuni ni sifuri nukta moja saba. Ni mdogo. Lakini ngoja niwaambieni habari ya huyo aliyetoboa tisini na saba. Amesimama umbali wa mikengeuko kumi na saba kutoka kwenye fimbo! Katika vitabu vyote nilivyosoma, mtu wa mikengeuko mitatu tu huitwa kioja. Huyu ni wa kumi na saba. Kwa hesabu, mtu huyu hawezi kuwepo."

"Lakini yupo," akasema Baba Mia.

"Yupo, Mtukufu."

Baba Mia akainuka. Alizungumza taratibu, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyowatia watu baridi. "Wanangu, mimi sikukasirika. Baba hakasiriki. Baba anauliza tu. Tatu zangu ziko wapi?"

Siwema alisimama safu ya nne, meno ameyabana yasigongane. Alitaka kusema: Baba, nilikuachia kinga. Ulimi ukagoma, ukalala mdomoni kama si wake. Nani angemlaumu? Mimi nisingesema, na wewe usingesema.

*

Karatasi hazikuwa na majina, na tundu la msumari halina mwandiko. Basi Profesa akaja na njia ya kisayansi. Alichagua watu mia moja wa mtaa kwa kura, haki bin haki, akawaita mmoja mmoja kwenye darasa la shule ya msingi, akawauliza swali moja: "Mkengeufu anakaa nyumba namba ngapi?"

Nyumba za Mkwajuni zilikuwa themanini. Mtu akisema sijui, karani anamkumbusha kwamba "sijui" si namba.

Watu walifanya kama wangefanya watu wowote wenye watoto. Wa nyumba za mwanzo walitaja nyumba za mwisho, na wa mwisho wakataja za mwanzo. Kila mtu alikisukuma kifo kiende mbali na mlango wake. Hawakuwa wabaya, jamani. Walikuwa waoga, na woga haujui jirani.

Kura ikamwangukia Siwema. Aliingia darasani, akakalishwa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. Alifikiri sana asimtaje mtu. Mwisho akasema, "Kumi na mbili."

Kumi na mbili lilikuwa gofu. Mwenyewe alikufa zamani, paa lilianguka, wanalala mbuzi. Siwema akajipongeza moyoni kwamba hajamuumiza mtu. Msimpongeze bado.

Maana Profesa hakuwa na haja na kumi na mbili ya huyu wala sabini na nne ya yule. Alizijumlisha zote, akagawa kwa mia. Wale waliosukuma huku na wale waliosukuma kule wakakutana katikati. Wastani ukaangukia nyumba ya arobaini, ambayo, kama ungewauliza, hakuna mtu hata mmoja aliyeitaja.

"Ila sisi si wapiga ramli," Profesa alitangaza kwa kipaza sauti. "Hatusemi ni arobaini moja kwa moja. Majibu yamekengeuka kwa ishirini na sita. Watu ni mia, kipeuo cha mia ni kumi, ishirini na sita gawa kwa kumi, mara mbili kasoro kidogo, tunapata tano. Kwa hiyo nyumba ya thelathini na tano mpaka ya arobaini na tano. Hilo ndilo Eneo la Uhakika. Uhakika wa asilimia tisini na tano!"

Makofi. Siwema alipiga makofi pia. Arobaini na tano ilikuwa nyumba ya Biti Kombo, bibi mjane waliyepakana naye ukuta. Arobaini na sita ilikuwa yake. Alipumua, na hapo hapo akaona haya kwa kule kupumua.

*

Jioni ile alikuwa na nazi moja na mbuzi yake ya kukunia imevunjika ulimi. Akamwambia mumewe, "Baba, hebu niazimie mbuzi kwa Biti Kombo."

Maneno hayo atayasikia mpaka anaingia kaburini.

Ngwali alitoka akipiga mluzi. Hajamaliza hata kusalimiana, malori yakaingia mtaani. Siwema alisikia milango ikigongwa, mmoja, wa pili, inasogea. Akatoka nje na nazi mkononi. Walikuwa wakitolewa watu wa thelathini na tano mpaka wa arobaini na tano, na kupangwa kwa mpangilio wa namba. Mwisho wa mstari alisimama Biti Kombo na kanga yake ya kulalia, na nyuma yake Ngwali, mbuzi kwapani.

"Afande!" Siwema alipiga kelele. "Huyo mume wangu! Si wa humo, anakaa hapa, arobaini na sita! Alikwenda kuazima tu!"

Afande aligeuka, hakuwa hata mkali. "Mama, alikutwa wapi?"

"Kwa Biti Kombo, lakini..."

"Aliyekutwa ndani ya Eneo ni wa Eneo. Sisi hatukamati watu, mama. Tunakamata namba."

"Siwema, rudi ndani," Ngwali alisema. "Rudi ndani, mke wangu. Funga mlango."

Kwenye taarifa ya usiku ule redio ilieleza kwamba mmoja wa washukiwa alikamatwa na silaha ya kukalia, ya mbao, yenye ulimi wa chuma uliochongwa meno. Siwema alisikiliza akiwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Upande wa pili wa ukuta ule kila siku alikuwa akimsikia Biti Kombo akikohoa. Sasa kimya. Alilia akiwa ameuma kanga, maana kulia kwa sauti nako kungeweza kupimwa.

Alijua la kufanya. Aliogopa kulifanya. Siku zikapita hivyo, anaamka akijiapiza leo nakwenda, anafika mlangoni, anarudi. Mjini zilivuma habari za huko walikopelekwa. Ati wanaulizwa tatu ziko wapi, wanaulizwa tena, na kila wakiulizwa wanapungua. Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji, ndivyo wasemavyo watu. Yeye anayenyolewa ni mumewe, lakini kichwa kinachotafutwa ni chake yeye. Siku ya siku akavaa gauni lake la sikukuu, akafuata nafsi yake mpaka Wizarani kabla haijageuka.

*

Lifti ilimfikisha nne na nusu, akapanda zilizobaki kwa miguu. Profesa Mapembe alimpokea kwa tabasamu la kikazi. Ofisi ilikuwa na chati ukuta mzima.

"Ni mimi," Siwema alisema kabla hajakaa. "Tisini na saba nilitoboa mimi. Waachieni wale watu."

Tabasamu la Profesa lilikwenda zake. Akainuka, akafunga mlango, akafungua redio kwa sauti kubwa, akarudi kunong'ona.

"Unakaa namba ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Basi siyo wewe."

"Profesa, nakwambia ni mimi! Nilimwachia kinga, Baba alikuwa na mafua..."

"Mama, Eneo la Uhakika linakomea arobaini na tano. Hesabu haijakutaja. Unakuja hapa kujitia kwenye mambo ambayo hayajakuhusu."

"Lakini si umesema uhakika ni tisini na tano? Na zile tano?"

Profesa alijifuta jasho. "Hizo tano ni za vitabuni. Maana yake, ukifanya kazi hii mara mia, mara tano hivi utakosea."

"Basi hii ni moja ya hizo tano."

Hapo, wasomaji wangu, Siwema aliona kitu ambacho hakukitazamia. Mkadiriaji Mkuu wa Taifa alikuwa akiogopa kuliko yeye. "Mama yangu," alisema Profesa, na safari hii hakusema kikubwa, alisema kama mtu aombaye maji. "Nina watoto watatu. Aliyenitangulia kwenye kiti hiki alikosea mara moja tu. Mara moja. Unaniua, mama."

Redio iliimba wimbo wa Baba Mia.

"Hakuna njia yoyote?" Siwema aliuliza. "Mimi niko mlango wa pili tu. Lisogeze kidogo hilo Eneo."

Profesa alifikiri, akavuta karatasi, akachora mstari. "Nikipandisha uhakika ufike tisini na tisa, Eneo linatanuka. Linafika arobaini na sita. Utakuwamo. Nitaweza kukupokea." Akasita. "Lakini Eneo lina mikono miwili, mama. Nikiunyosha mmoja kukufuata wewe, wa pili nao unanyooka upande wa pili. Thelathini na nne itaingia."

Thelathini na nne alikaa Hidaya, aliyejifungua wiki ile ile. Siwema alikuwa amempelekea uji, akamshika mtoto, akamwambia ana sikio kubwa, ili kijicho kisimpate.

"Ondoa mkono huo," Siwema alisema. "Nyosha mmoja tu."

"Haiwezekani. Hesabu haina upendeleo."

Alikaa pale akiutazama ule mstari. Mumewe huku, mtoto wa Hidaya kule. Kuna wanaosema angetoa jibu hili, na wengine lile. Yeye hakutoa lolote. Alishuka ngazi zote akiwa ameshika ukuta, na njiani akatapika. Laiti angekuwa hodari. Hakuwa. Alikuwa mtu wa kawaida, wa wastani kabisa, katika nchi iliyodai kuwapenda watu wa wastani.

*

Wakati huo Baba Mia alikuwa amechoka kusubiri. Waliokamatwa wote walikuwa wamekiri, na hilo ndilo lililoharibu mambo, maana kila mmoja alikiri tatu zote peke yake. Watu arobaini na wawili mara tatu. Badala ya kupungukiwa tatu, Baba akajikuta kapungukiwa mia na ishirini na sita.

Akamwita Profesa redioni, mbele ya taifa zima. "Profesa, uhakika wako ni wa tisini na tano. Kwa nini unaninyima tano? Na wewe unanipunguzia?"

Kelele ya kiti ikasikika, Profesa kapiga magoti. "Hapana, Mtukufu! Hapana!"

"Nataka mia. Uhakika wa mia kwa mia."

Siwema aliyasikia haya jikoni, ameshika mwiko. Wakubwa wa hesabu wanajua, na Profesa alijua, kwamba uhakika wa tisini na tano unakupa nyumba kadhaa, wa tisini na tisa unakuongezea nyingine, lakini ukitaka wa mia, Eneo halina tena ukingo. Linakwenda huku bila mwisho na kule bila mwisho.

"Basi, Mtukufu," Profesa alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa, "Eneo ni nchi yote. Tuna uhakika wa asilimia mia moja kwamba mkengeufu yumo nchini. Kuanzia nyumba ya kwanza mpaka..."

"Mpaka?"

"Mpaka ya mwisho. Bila kubakiza."

Baba Mia alifurahi sana kupata, mwishowe, kitu kilichotimia. Usiku huo huo nchi yote ikawekwa chini ya ulinzi. Kila raia akatangazwa mshukiwa wa kudumu, atakayetumikia kifungo nyumbani kwake, kwa gharama zake. Kibao cha namba kwenye lango la Ikulu kikang'olewa, maana kisicho na namba hakiwezi kuwa ndani ya Eneo. Kesho yake watu wengi wakaanza kung'oa vibao vyao, na kesho kutwa kung'oa kibao kukawa uhaini. Mipakani walinzi waligeuzwa, badala ya kutazama nje wakatazama ndani. Na kwa kuwa nchi nzima imekuwa gereza, magereza yenyewe yalionekana ni kulipa kodi mara mbili. Yakafungwa, wafungwa wakaambiwa waende wakafungwe kwao.

Walichukuliwa arobaini na wawili, wakarudi arobaini na mmoja. Biti Kombo hakurudi. Wizara ilifafanua kwamba namba hiyo, ikikadiriwa kwa makumi yaliyo karibu, ni arobaini kwa arobaini, kwa hiyo wamerudi wote.

*

Ngwali aliingia bila kupiga mluzi. Mbuzi hakuwa nayo, ilibaki kuwa kielelezo. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunja tena. Siwema alimshika usoni, akampapasa masikio, mabega, kama mtu anayehesabu, akaogopa kuhesabu.

"Kaa, baba. Kaa nikupe chai."

Alimimina. Mkono wenyewe ukafanya ulivyozoea, ukaacha upana wa kidole. Akamsogezea. Alitaka kumwambia. Maneno yalimjaa kifuani: ni mimi, mume wangu, na Biti Kombo nimemponza mimi, nilikwenda, walinikataa, nikarudi.

Ngwali alikitazama kile kikombe kwa muda. Hakuwa na hasira. Alikitazama kama alivyokitazama siku ile ya redio.

"Jaza," alisema.

"Eeh?"

"Jaza, Siwema. Mpaka mdomoni." Akashusha sauti, maana kuta zilikuwa za serikali sasa. "Waliniuliza sana mle ndani. Nani pale mtaani ana tabia ya kupunguza. Wananiuliza, na mimi hiki kikombe nakiona mbele yangu. Nikasema ni mimi. Kwa hiyo jaza, mke wangu. Nakuomba. Usiache kitu."

Siwema alijaza. Chai ilipanda ikasimama juu ya ukingo, ikatetemeka, ikamwagika kidogo kwenye kisahani. Walikinywa pamoja kikombe kile, wakipokezana. Ukuta wa arobaini na tano ulikuwa kimya.

*

Ikaja tena Siku ya Kupima Mapenzi. Mkwajuni walipanga foleni tangu alfajiri, na Hidaya alikuwamo, mtoto mgongoni. Zamu ya Siwema ilipofika, askari wa kibandani alimpa karatasi na kumgeukia vizuri zaidi, aone.

Siwema alishika msumari. Woga ulikuwa umemjaa mpaka kwenye kucha. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, kidogo na baridi, alichokileta toka nyumbani. Mwaka ule alipompenda Baba Mia, alimwachia tatu. Sasa akamkumbuka mama yake na lile neno lake la nani wa kujaziwa, akamkumbuka na Biti Kombo akiwa na kanga yake ya kulalia.

Akatoboa mia. Alibonyeza mpaka msumari ukagota kwenye mbao.

"Safi kabisa, mama," askari alisema.

Jioni redio ikasoma. Mkwajuni, mia. Nchi nzima, wastani mia, mkengeuko sifuri. Baba Mia alisikika akilia kwa furaha, akapiga chafya, akawaambia wanawe kwamba tatu zake zimerudi.